Kumi Kabla ya Mbili

Mjinga wa siku ile alikuwa Tonny. Tusizungushe maneno. Hata ukimkuta leo dukani kwake Kasese atakwambia mwenyewe, huku akikuonyesha kile kidole cha shahada ambacho hakikunjiki tena na lile kovu chini ya jicho la kulia. Watu wengine hupigwa kwa kuiba. Wengine hupigwa kwa ajili ya wake za watu. Tonny alipigwa kwa sababu aliulizwa swali akajibu vizuri.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja nyuma ya muuza mbolea. Ndani mlikuwa na meza, kamera, kiti cha mteja na kompyuta mpakato kuukuu ambayo feni yake ilinguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Kompyuta ile haikuweza kubeba programu zenye vitufe na mapambo. Ukiifungulia tu, inazima na kunuka kuungua. Kwa hiyo Tonny alifanya kazi zake zote kwenye kioo cheusi chenye herufi nyeupe, kwa kuandika amri. Chombo chake kiliitwa ffmpeg, naye alikiita Efu-Efu, kama mtu anavyomwita jirani. Alikiandikia mstari mmoja, akabonyeza, nacho kikakata, kikaunganisha, kikabana video ya harusi nzima ikaingia kwenye flashi ndogo kuliko ukucha. Wateja walidhani ni uganga. Tonny aliwaambia ni jeshi tu: unatoa amri, hakuna maswali. Dada yake Resty alikuwa akisema hicho ndicho kiumbe pekee Kasese nzima kilichowahi kumtii Tonny.

Resty aliolewa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, na mumewe ni Ezironi, fundi wa matofali, mkimya, mwenye mikono mipana kama sufuria za harusi. Jumamosi ile dada yake Ezironi, msichana aitwaye Naswiba, alikuwa anatambulishwa kwa wachumba, yaani bwana harusi na watu wake. Bwana harusi alikuwa Drani, askari mpole wa kutoka kaskazini, na alikuja na wenzake wa kambini, akiwamo mmoja aliyeitwa Omara.

Omara ndiye mwenye maneno yote haya. Alivaa shati jeusi la kung'aa na alikuwa na meno meupe, yamejipanga kama mahindi mabichi kwenye gunzi, tena aliyatumia. Alicheka kabla ya kusema, alicheka akisema, akimaliza anacheka tena ili usisahau. Tonny, aliyekuwa anapiga video, alimpenda mara moja. Kamera hupenda watu kama wale.

Shughuli ilianza vizuri. Shangazi wa nyumba, mama Musoki, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamsha kijiji, aliwatolea wachumba wasichana wasio wenyewe, mmoja baada ya mwingine, kama desturi, ili watu wacheke na wachumba wahangaike kidogo. Drani alihangaika kwa adabu. Omara alichoka. Alikuwa amekunywa tonto, pombe ya ndizi, toka asubuhi, na sasa akaona kwamba wanawake wa Bwera wanalichezea jeshi. Akaondoka kwenye hema, akazunguka hadi mlango wa nyumba alimofichwa Naswiba, akasema anaingia kumtoa mwenyewe. Mama Musoki akasimama mlangoni. Omara akamchekea usoni. Mama Musoki hakucheka. Ndipo Omara akampiga kofi lililomzungusha yule mama mpaka kilemba kikaanguka upande mmoja naye upande mwingine.

Ezironi alikuwa jikoni, hatua chache tu, akiwasaidia wanawake kusonga bundu, ule ugali wa muhogo unaotaka nguvu za mwanamume. Alikuja na mwiko wake mkononi. Mwiko wa bundu la harusi si kijiko. Ni ubao wa urefu wa mkono, mzito, na wakati ule ulikuwa bado unafuka moshi. Alimpiga Omara mdomoni mara moja. Meno mawili ya mbele yakaruka yakaingia kwenye sufuria ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na mpaka leo hakuna anayejua nani aliyala.

Kilichofuata hakikuwa shughuli tena. Askari waliruka meza. Vijana wa Bwera walivunja mabenchi ili wapate miguu ya kupigania. Mtu alikata kamba ya hema, hema likawaangukia wageni na watu wakaendelea kulipiga turubai kwa marungu bila kujua aliyemo chini ni wao au wenzao. Mzee mmoja wa kanisa alionekana akimkaba mpishi. Omara alipojaribu kuinuka, mtu alimvunjia kiti mgongoni. Tonny alipiga yote, kutoka kwenye kofi mpaka kwenye turubai, mpaka aliposukumwa akaanguka na kamera ikabaki chini ikipiga nyasi na viatu.

Jioni polisi walimchukua Ezironi peke yake, kwa kuwa ndiye aliyekutwa bado ameshika mwiko.

Askari walieleza habari yao kwa ufupi: mwana wa nyumba alimvamia mgeni bila sababu. Kuhusu kofi, walisema labda lilitokea baadaye katika vurugu, maana mtu mwenye damu machoni hachagui wa kumpiga. Upande wa nyumba ulisema kofi lilitangulia. Afande Kansiime, mwanamke mnene wa polisi aliyekuwa na kesi ile, alisikiliza pande zote hadi kichwa kikamuuma. Kisha akasikia kwamba kuna video. Akaamua kwamba Jumatatu mchana itaonyeshwa mbele ya wote katika kibanda cha sinema cha Kemigisha pale Bwera, maana ndiko kulikokuwa na televisheni kubwa. Kama Ezironi alianza, gari litakuwa nje, linampeleka Kasese siku hiyohiyo akangoje kesi. Kama alimtetea shangazi yake, anarudi nyumbani.

Gari lile ndilo lililomnyima Resty usingizi. Koplo mmoja, rafiki wa Omara, mtu mrefu aitwaye Lokwang, alikuwa amepita dirisha la mahabusu akamwambia Ezironi kwa sauti ya upole kabisa kwamba kila gari la kwenda Kasese lazima lipunguze mwendo Kikorongo, na yeye Jumatatu atakuwa Kikorongo akinunua nyanya. Resty akampigia kaka yake simu. Hakulia. Alimwambia tu kwamba asipomrudishia mume wake, asije akabisha hodi kwake tena, hata kwenye matanga.

Basi Jumatatu asubuhi Tonny alikuwa amekaa mbele ya kioo cheusi. Vipande vyote alikwisha kuviingiza kwenye kompyuta. Kamera yake ilikuwa na ugonjwa wa kujikata: kila baada ya muda inafunga faili moja na kufungua jingine, kwa hiyo shughuli moja hutoka vipandevipande, naye huvipa majina ya namba, moja, mbili, tatu, halafu anamwamuru Efu-Efu avishone. Kadi yake ya siku zote ilikuwa ndogo, haikuwahi kuzidi vipande tisa. Kwa shughuli ya shemeji yake aliazima kadi kubwa ya Kemigisha, vikatoka kumi na viwili. Kofi lilikuwa mwisho wa kipande cha tisa. Mwiko ulikuwa mwanzo wa cha kumi. Tonny alipiga mluzi. Kazi rahisi.

Ndipo Lokwang alipoingia, na mwenzake aitwaye Mugume. Hawakuvaa sare, lakini buti zilikuwa za kazi.

Hapa lazima ueleweshwe jambo. Kwa watu wa kazi ya Tonny, kupiga ni kupiga picha. Harusi hupigwa, ubatizo hupigwa, askofu akija hupigwa na hakuna anayeumia. Tena Kiswahili cha kambini, kama cha Kasese yote, hakijali sana kuchagua: mtu ni hii, kitu ni hii, mbuzi ni hii. Na Lokwang hakuja kutafuta video. Alikuja kumtafuta aliyevunja kiti kwenye mgongo wa Omara, maana wa mwiko walikuwa naye, wa kiti bado. Mtu sokoni alikuwa amemwambia nenda kwa Tonny, Tonny iko na habari yote.

"Nani alipiga hii ya Bwera?" Lokwang akauliza.

Tonny aliona wateja. Akatabasamu, akafuta kiti.

"Ni mimi, afande."

Lokwang akamtazama kutoka juu hadi chini, kama mtu aliyetegemea kitu kikubwa zaidi. "Wewe?"

"Mimi peke yangu," Tonny akasema, na kwa vile alipenda kuisifu kazi yake, akaongeza. "Nilipiga toka mwanzo mpaka mwisho, sikupumzika. Omara ndiyo nilipiga sana. Nilimukaribia kabisa, nikamupiga sura, nikazunguka nikamupiga mugongo. Mukitaka, hata nyinyi naweza kuwapiga, bei ni ya kirafiki."

Ngumi ya kwanza ilimfika chini ya jicho kabla hajafunga mdomo. Ya pili ilimpeleka ukutani, na rafu ya sidi ikamwangukia. Alijaribu kuuliza kosa lake ni nini, buti likamjibu kwenye mbavu. Lokwang alipiga kwa utaratibu, bila hasira, kama mtu anayepasua kuni za wiki nzima. Tonny alinyoosha mkono kujikinga, kidole cha shahada kikanaswa kati ya buti na sakafu, naye akasikia kikilia kama kijiti kikavu. Damu ilimjaa mdomoni ikiwa na ladha ya sarafu. Kupitia jicho lililobaki aliona Mugume akiangalia kuta zenye picha za maharusi, halafu kamera juu ya meza, halafu maharusi tena.

"Afande, ngoja," Mugume akasema. "Nafikiri huyu anasema ya kamera."

Lokwang akasimama. Akafikiri.

"Ya kamera pia," akasema, akampiga teke moja la kumalizia.

Kisha, kwa kuwa sasa alijua video iko wapi, akafungua kamera, akatoa kadi, akaiweka sakafuni akaisaga kwa kisigino mpaka ikawa unga. Kompyuta hakuigusa. Aliinama akakitazama kioo cheusi chenye mistari ya herufi, akasema na hii pia imekufa, akatoka.

Tonny alilala palepale kidogo akiucheka mdomo wake mwenyewe, kwa uchungu, maana kucheka kulimuuma kuliko teke. Vipande vilikuwa salama. Weusi wa kile kioo, uliowahi kumfukuzia wateja wangapi sijui, ndio uliokuwa umeokoa mume wa Resty. Akajivuta hadi kwenye kiti. Jicho la kulia lilikuwa limefunga duka. Kidole kilikuwa kimevimba kama ndizi ya bogoya. Muda ulikuwa unakwenda.

Na hapa ndipo ujinga wake wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza, ulipoingia. Siku nyingine Tonny huandika majina ya vipande kimoja kimoja. Leo, kwa mkono wa kushoto na jicho moja, aliona ni safari ndefu. Akaandika alama ya nyota, ambayo kwa Efu-Efu na kioo chake maana yake ni chukua vyote vilivyomo. Akaamuru pia vibanwe kwa aina ile ya zamani inayosomeka kwenye televisheni ya Kemigisha. Feni ikapanda sauti. Mistari ikakimbia kuelekea juu, namba zikibadilika, huku yeye akidondosha damu kwenye herufi B na kuifuta kwa mkono wa shati. Ilipokwisha, alitazama mwanzo: wachumba wanaingia, wanawake wanaimba. Vizuri. Hakutazama mbele zaidi. Akachomoa flashi, akaibana kompyuta kwapani kwa tahadhari tu, akaita bodaboda.

Barabara ya Bwera siku hiyo ilikuwa na mashimo yote yaliyopo Uganda. Kikorongo alimwona kwa jicho moja mtu mrefu kwenye kibanda cha nyanya, akajikunja nyuma ya dereva. Lakini Lokwang alikuwa anapanda gari tu. Naye alikuwa anakwenda Bwera kutazama sinema aliyoamini ameshaisaga kwa kisigino.

Kibanda cha Kemigisha kilijaa. Ni ukumbi wa mbao na bati, mabenchi yamepangwa kama kanisani, giza, na ndani kunanuka jasho na karanga. Upande huu ndugu za Ezironi, upande ule askari. Ezironi aliketi mbele, pingu mikononi, na alipomwona shemeji yake na ile sura, akainamisha kichwa. Mama Musoki alikuwa karibu na televisheni, shavu bado limevimba. Omara naye alikuwapo, kitambaa mdomoni. Kabla ya lolote, Lokwang alimwambia asimame afungue kinywa watu waone. Omara akafungua. Pengo lilikuwa pana, jeusi, na hata ndugu wengine wa Ezironi walisema pole kwa kusahau. Afande Kansiime alilichungulia kwa tochi, akatikisa kichwa.

Tonny alipochomeka flashi, alimtazama Lokwang ili aone sura yake. Aliipata. Ilikuwa ya mtu aliyemeza inzi. Tonny akamwambia kwa adabu kwamba ile kadi aliyosaga ilikuwa ya Kemigisha, wataelewana wenyewe.

Picha ikaanza. Wachumba wakaingia. Wanawake wakaimba. Ukumbi ukatulia, wengine wakaanza kujitafuta kwenye kioo. Halafu, bila wasichana wa uongo, bila hotuba, bila mlango wala kofi, Ezironi akatokea ghafla kwenye televisheni akiwa na mwiko wa kufuka moshi, akampiga Omara mdomoni.

Tonny alielewa wakati uleule. Alielewa kabla hata meno hayajaruka.

"Bila sababu," Lokwang akasema gizani. "Mumeona."

Benchi la askari likainuka lote. Hakuna aliyeamrisha. Lokwang aliruka mabenchi mawili akamfikia Ezironi, akampiga kwenye sikio, na Ezironi, kwa sababu ya pingu, alianguka kama gunia, bila mikono. Wakamkanyaga. Ndugu zake wakaja wakipita juu ya migongo ya wenzao. Chupa ikapasuka kichwani mwa mtu. Kwenye televisheni watu walikuwa wanapigana, mbele ya televisheni watu walikuwa wanapigana, na kwa mwanga ule wa buluu hukuweza kujua kelele zipi ni za Jumamosi na zipi ni za leo. Mugume alimkaba kijana mmoja mpaka ulimi ukatoka. Kijana akamng'ata kidole gumba, akakataa kukiachia. Tonny alijitupa juu ya Ezironi, si kwa ushujaa, alisukumwa, lakini alipofika pale hakuondoka. Mguu wa benchi ukashuka. Akainua kompyuta. Ubao ukaipasua katikati, herufi zikaruka kama karanga, na ile feni ikalia mlio mmoja mfupi ikanyamaza moja kwa moja. Pigo la pili lilimkuta begani. La tatu lilikuwa linashuka kwenye kichwa cha Ezironi wakati bunduki ilipolia.

Afande Kansiime alikuwa amepiga bati. Tundu likafunguka juu, na mwanga wa mchana ukashuka kama fimbo katikati ya moshi na vumbi. Kila mtu aliganda. Damu ilidondoka mahali fulani, ikasikika.

"Mutu wa kwanza kusonga," akasema, "namuongeza kwenye gari."

Wakaketi. Ezironi aliinuliwa, uso wake mwekundu kutoka kwenye nywele hadi kidevuni, akipumua kwa mdomo. Resty, aliyekuwa mlangoni, hakuingia. Alimtazama kaka yake tu, na Tonny angependelea mguu wa benchi.

Kisha ubishi ukaanza. Tonny alieleza. Alieleza kwamba vipande vina namba, na kwamba mashine ile haihesabu namba bali inazisoma kama herufi za jina. Inatazama alama ya kwanza kwanza. Kumi huanza na moja, kumi na moja huanza na moja, kumi na mbili vilevile. Kwa hiyo vyote hivyo vinasimama nyuma ya moja, na mbili inabaki ikingoja. Ndiyo maana mwiko uliokuwa kipande cha kumi umeruka mbele ya kofi la kipande cha tisa. Ni yeye aliyekosea, alisema, alipaswa kuandika sifuri mbele ya namba ndogo. Alisema yote hayo kwa midomo iliyovimba na jicho moja, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kufanana na mwongo.

"Hata mutoto wa nasari anajua mbili inakuja mbele ya kumi," Lokwang akasema. "Kompyuta yako haikuenda shule?"

"Ilienda, afande. Iliishia kwenye kusoma."

Watu wachache walicheka, mpaka Afande Kansiime akawatazama. Alimtaka Tonny aonyeshe vile vipande vyenyewe. Tonny akaonyesha vilivyobaki vya kompyuta. Akamtaka alete kadi. Tonny akamtazama Lokwang, Lokwang akatazama tundu la bati.

Basi afande akamwambia Kemigisha akimbize picha mbele, alitafute hilo kofi. Kemigisha akabonyeza. Vita vikapita mbio, nyasi na viatu vikapita, kisha hotuba, wasichana wa uongo wakiingia na kutoka kama kuku, mpaka mlango wa nyumba ukaonekana, na mama Musoki mlangoni, na mkono wa Omara ukaruka. Kofi lilisikika wazi. Lokwang akapiga paja lake.

"Hiyo hapo. Imekuja nyuma. Omara alipigwa kwanza, damu ikamupanda, akajitetea. Mashine haina shangazi, afande. Inasema vile iliona."

Tonny akasema tazameni hema, kwenye hotuba hema limesimama, na vita ndivyo vilivyoliangusha, linawezaje kuanguka halafu lisimame? Lokwang hakusita hata kidogo. Alisema hema huinuliwa. Watu wa Bwera walitaka kula, wakaliinua tena, shughuli ikaendelea. Omara akatikisa kichwa kukubali, kitambaa mdomoni. Askari wakanguruma kwamba ndivyo. Hata ndugu mmoja wa Ezironi, aliyekuwa chini ya turubai wakati wote, akasema kwa kweli yeye hajui kama liliinuliwa au vipi.

Afande Kansiime akashusha pumzi. Akasema yeye hawezi kufunga kesi kwa hesabu za kompyuta iliyokufa; anafuata kile macho yake yameona, na yameona mwiko kwanza. Nje, dereva wa gari aliwasha injini. Lokwang akainuka akajipangusa magoti, akasema taratibu, kama kwa nafsi yake, kwamba atakwenda mbele, nyanya za Kikorongo huisha mapema. Polisi wawili wakamshika Ezironi makwapani.

Mama Musoki alikuwa bado karibu na televisheni. Wengine walipopigana alikuwa amevuta kiti chake tu, asikingiwe picha. Sasa alimwambia Kemigisha arudishe nyuma kidogo. Kidogo tena. Hapo, isimamishe hapo.

Ilikuwa mlangoni, kabla tu ya kofi. Omara alikuwa amejaza televisheni nzima, kichwa nyuma, kinywa wazi mpaka kwenye koo, anamchekea mama Musoki usoni, na mahindi yake yote yalikuwa kwenye gunzi, meupe, hayana hata pengo moja.

Mama Musoki akainuka, akaweka kidole kwenye kioo, halafu akamgeukia Lokwang.

"Mwanangu, haya, hema tuliinua. Sasa kama mwiko ndiyo ilitangulia, hii meno Omara iko ananichekea nayo hapa, alienda kununua mu soko gani?"